Nazi na Makumbi Yake

Kopo lilikuwa jeupe, la plastiki, zito kuliko lilivyoonekana. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe ambao asiyejua angeudhania chumvi ya mezani. Wavuna chumvi waliuita "dawa", nami nikaanza kuuita hivyohivyo, na nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla hata sijashika kalamu.

Nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Bagamoyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2000. Kikundi kidogo cha wavuna chumvi, upande wa kaskazini wa mji, kule mikoko inapoachia uwanda mweupe usioota jani, kilimtuma mtoto aje kuniita. Mzee wao alinipokea kwa heshima iliyonivimbisha kichwa. "Mwalimu, sisi shule hatukufika mbali. Tupigie hesabu ya hii dawa, tusije tukawadhuru watu." Lilikuwa ombi la nusu saa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni za nchi zilitaka chumvi ya kula itiwe madini joto, na wao walitaka kuzitii.

Naisimulia habari hii kwa aibu kidogo hadi leo. Naisimulia kwa sababu nawajua walimu, wauza dawa, wakulima na kina mama wanaopima vitu kila siku kwa imani ileile niliyokuwa nayo, na kwa sababu sidhani kama mimi mwenyewe nimepona kabisa.

Kwanza chumvi. Maji ya bamvua huingizwa kwenye bwawa la kwanza, yakakaa. Jua na upepo huyapunguza, kisha huhamishiwa bwawa la pili, na la tatu, yakizidi kuwa makali. Chokaa na jasi hutangulia kutuama. Halafu, katika bwawa la mwisho, chumvi hushika: hutanda utando mwembamba juu ya maji, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa, kisha chembe huzama na kulaliana. Ikishakolea huvutwa kwa reki za mbao na kurundikwa ukingoni ijichuje. Maji yanayobaki, machungu kwa magnesi, humwagwa. Kusi likivuma kavu kazi huenda mbio. Masika yakiingia, mvua ya usiku mmoja huyeyusha jasho la wiki mbili.

Sehemu kubwa ya madini joto ya baharini huondoka na hayo maji machungu yanayomwagwa. Na hata yenyewe ni machache. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi za kila aina kama gramu 35, na ayodini, ambayo ndiyo madini joto yenyewe, kama miligramu 0.06. Hata kama yote ingebaki kwenye chumvi bila kupotea chembe, kilo nzima isingefikisha miligramu 2. Mtu anayekula gramu 10 za chumvi hiyo kwa siku angepata mikrogramu 17, na mtu mzima anahitaji 150, mjamzito 250.

Siku ile kijana mmoja pale mabwawani aliniuliza akicheka, "Mwalimu, chumvi ya baharini unaitia dawa ya nini? Bahari si ndiyo dawa yenyewe?" Nikachora hesabu hiyo kwenye mchanga kwa kijiti, na watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilikuwa sahihi, na usahihi ule ulinilevya. Baada ya kushangiliwa nilikwenda ghalani kupiga hesabu ya pili, ile niliyoitiwa, nikiwa mtu asiyeweza kukosea.

Hesabu yenyewe hii hapa. Tulitaka kila kilo ya chumvi ibebe miligramu 50 za madini joto, maana njiani hupungua. Tani ni kilo 1,000. Mara 50 ni miligramu 50,000, yaani gramu 50. Nikachukua kipande cha mkaa nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: GRAMU 50 KWA TANI. Mzee akaniombea dua. Nikapewa na samaki wawili wa kwenda nao nyumbani.

Hakuna kosa katika kuzidisha kwangu. Ni kwamba nilipiga hesabu ya ayodini, na kwenye kopo hamkuwa na ayodini. Kulikuwa na potasiamu ayodeti, na jina lilikuwa limeandikwa ubavuni, jeusi juu ya jeupe. Nililisoma. Nakumbuka kabisa nililisoma kwa sauti. Lakini kwa kuwa kila mtu pale alisema "dawa ya madini joto", akili yangu ilisikia "madini joto" tu.

Tazama lile jina linasema nini. Walimu wa kemia tuna wimbo wetu tunaowakaririsha watoto: aidi, aiti, eti. Salfaidi, salfaiti, salfeti. Naitraidi, naitraiti, naitreti. Watoto huimba vizuri, wengine huucheka, na mtihani ukiisha wimbo hupeperuka. Lakini mwisho wa jina ni taarifa ya mzigo. "Aidi" ni ioni iliyo peke yake, haikubeba oksijeni. "Aiti" imebeba kiasi, na "eti" imebeba zaidi. Salfaidi ni S pekee, salfaiti ni SO₃, salfeti ni SO₄, zote zikiwa na chaji hasi mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia ayodaidi, yaani I⁻, na mwingine akakuambia ayodeti, yaani IO₃⁻, wamekutajia vitu viwili, na cha pili kina oksijeni tatu mgongoni.

Oksijeni hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Nchi nyingi zenye chumvi kavu iliyosafishwa hutumia ayodaidi. Sisi wa pwani, wenye chumvi inayolowana kwa unyevu wa hewa tu, tukitumia ayodaidi huungana na oksijeni ya hewani, ayodini ikajitenga na kuruka kama mvuke. Ayodeti inavumilia zaidi. Oksijeni zake tatu ni walinzi. Ila mlinzi naye ana uzito, na ukipanda naye mizani unapima watu wawili.

Potasiamu ni 39, ayodini 127, oksijeni tatu ni 48. Jumla 214. Katika kila gramu 214 za unga ule, ayodini ni gramu 127, chini kidogo ya asilimia 60. Gramu 50 nilizoandika ukutani zilikuwa zinapeleka ayodini gramu 29.7 tu. Ili tani ipate gramu 50 za ayodini, ulitakiwa kupima gramu 84. Mwanafunzi wa kidato cha tatu angeweza kuipiga hesabu hiyo.

Na kweli mwanafunzi wa kidato cha tatu alinipa nafasi ya kuiona. Hili ndilo linaloniuma. Wiki ileile nilikuwa nafundisha kutengeneza oksijeni kwa kuchoma potasiamu kloreti, KClO₃, iliyochanganywa na manganizi dioksaidi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, mpole, asiyependa kuuliza, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Kumbe mtu akinunua kilo moja ya hii, hajanunua kilo moja ya oksijeni?" Darasa likacheka. Nikawanyamazisha, nikamsifu, nikaandika ubaoni: 48 gawanya kwa 122.5, karibu asilimia 39. "Umenunua gramu 392 za oksijeni, dada. Nyingine ni potasiamu na klorini." Kengele ikalia. Jioni yake nilikwenda mabwawani, nikapita mbele ya ukuta wenye maandishi yangu, nikasalimiana na watu, nikarudi. KClO₃ na KIO₃ ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja nilimwacha darasani na mwingine nilimkuta ghalani, na sikuwatambua kuwa wanafanana.

Sijui kama hili linawapata wengine. Nadhani linawapata. Elimu ya shule huingia kwenye chumba chake, tukaifungia humo na kufuli. Kwa sisi tulioanza kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba na kisha tukatupwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza, ukuta wa chumba hicho ni mnene zaidi: "ayodeti" ni neno la mtihani, "dawa" ni neno la kazi, na hayakutani. Maneno ya Kiswahili ya kemia yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini ni walimu wangapi tumewahi kuifungua tukiwa na kopo mkononi?

Turudi ghalani. Kijana aliyepewa kazi ya kunyunyiza alikuwa makini kuliko mimi. Alinunua bomba jipya la mgongoni, akakataa lile la kunyunyizia mikorosho. Unga aliupima kwa mizani ya sonara mmoja wa mjini, akauyeyusha kwenye ndoo ya maji masafi, akanyunyiza huku wenzake wakigeuza rundo kwa koleo. Baada ya hapo walikuwa na kichupa cha kupimia: unadondosha tone moja kwenye chumvi, na kama madini joto yamo, chumvi hugeuka rangi ya zambarau iliyoelekea buluu. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo madini joto yalivyo mengi.

Mara ya kwanza rangi ilitoka hafifu, kama kitambaa cha buluu kilichofuliwa mara nyingi. Kijana akaniangalia. Nikamwambia kichupa hicho kimekaa sana juani, dawa yake imechoka. Sikuwa na ushahidi wowote. Mara ya pili ikatoka vilevile, nikasema labda chumvi bado mbichi. Nilikuwa na majibu mengi, na hata moja halikugusa ukuta wangu wa mkaa.

Kisha kopo likachelewa kwisha. Kikundi cha jirani kilikuwa kimepata kopo la ukubwa uleule karibu siku moja na sisi, kikavuna kiasi kinachokaribiana na chetu, na dawa yao ikaisha mapema. Ya kwetu ikaendelea. Tulifurahi! Mzee akasema mwalimu ametufundisha kubana matumizi. Ndugu msomaji, kitu kinachopimwa kwa tani kikibaki wakati cha mwenzako kimekwisha, usishangilie kabla hujauliza kwa nini. Sisi tulinywa chai na vitumbua kwa furaha hiyo.

Baadaye sampuli tatu zilipelekwa maabara Dar es Salaam. Karatasi ikarudi: 28, 29, 27. Tulitarajia 50. Ningependa kusema nilishtuka na kujirudi. Sivyo. Nilimgeukia kijana wa bomba, mbele za watu, nikamwambia hachanganyi vizuri. Hakujibu. Alishusha macho, akalitua bomba chini polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya hesabu, bali kwa sababu ya vile alivyolitua lile bomba. Nikachukua karatasi nikaitazama tena. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mchana. Chumvi isiyochanganywa vizuri hutoa namba zilizotawanyika: sampuli moja 10, nyingine 70, nyingine 35. Hizi zetu zilikuwa zimekaribiana kama ndugu. 28, 29, 27. Huo ni mchanganyo mzuri mno, kazi ya mtu mwangalifu. Kosa linalompata kila mmoja kwa kiasi kilekile halitoki kwenye koleo. Linatoka kwenye maagizo. Nikaandika KIO₃ juu ya karatasi, nikajumlisha, nikagawanya: 29.7. Taa ya chemli ilikuwa inakaribia kwisha mafuta, nikaizima nikakaa gizani.

Mtu atasema 29 si sumu, si sifuri pia, basi ubaya uko wapi? Ubaya uko njiani. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani hukitazama nyumbani kwa mlaji ni angalau miligramu 15 kwa kilo. Chumvi iliyofungwa kwenye viroba vinavyopitisha unyevu, ikakaa gengeni kwenye hewa yetu ya pwani, inaweza kupoteza nusu ya madini joto yake kwa miezi kadhaa. Nusu ya 50 ni 25, unabaki salama. Nusu ya 29.7 haifiki 15. Nilikuwa nimewalia watu akiba yao yote ya safari, na anayeumia hajui. Ayodini haina ladha. Mwili unaitumia kwenye tezi ya shingo kutengeneza thairoksini, homoni ambayo kila molekuli yake ina atomu nne za ayodini. Zikikosekana, tezi huvimba kwa kuhangaika, na mtoto aliye tumboni hujengewa ubongo kwa vifaa pungufu. Hakuna siku mama atakayosimama gengeni aseme chumvi hii imenidhuru.

Asubuhi nilikwenda mapema, kabla ya jua kali. Nikamwomba radhi kijana mbele ya walewale niliomwaibisha mbele yao. Kisha nikajaribu kueleza, na nikaanza kama ninavyofundisha: uzito wa atomu, moli, uwiano. Nyuso zikapoa. Bibi mmoja aliyekuwa akijaza viroba, ambaye siku zote alininyamazia, akanikatisha. "Ngoja, mwalimu. Wewe uliwaagiza wakakuletee nazi ya kukuna kilo hamsini, wao wakapima nazi na makumbi yake. Ndivyo?"

"Ndivyo, bibi. Ila aliyepima na makumbi ni mimi."

"Basi sema hivyo. Huyo moli wako simjui."

Sijawahi kupata ufafanuzi bora wa somo hili, na nimeutumia darasani kila mwaka uliofuata. Nazi ina kumbi na kifuu, na ndani ndiyo nyama unayoikuna. Kumbi lina kazi yake, bila hilo nazi haifiki salama. Lakini hakuna mpishi anayepima tui kwa uzito wa nazi nzima. Tulifuta 50 ukutani tukaandika 84, na rundo lililokuwa bado halijauzwa tukalirudia. Lililokwisha kuuzwa lilikuwa limekwisha kuuzwa.

Halafu nusura nianguke tena. Nilitaka kuhakiki mwenyewe katika maabara yetu ya shule, kwa kutitireti. Njia yake ni kuiyeyusha chumvi, kuongeza asidi na ayodaidi kidogo, ayodini ikatoka, kisha unaipima kwa thayosalfeti hadi rangi ipotee. Jibu la kwanza likanijia kubwa ajabu, mara sita ya nilichotegemea. Safari hii sikumlaumu mtu wala kichupa. Nilirudi kwenye mlinganyo: ayodeti moja hukutana na ayodaidi tano, wakatoa molekuli tatu za ayodini, yaani atomu sita. Katika hizo sita, moja tu ndiyo iliyotoka kwenye chumvi. Tano nilizitia mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kisha nikazihesabu kama mali ya mteja. Nilicheka peke yangu mle ndani. Ila nilicheka nikiwa nimeshika meza.

Huku kwetu pwani kuna kisa kikubwa kuliko changu. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba watu wa visiwani hawana shida ya madini joto, maana wanakula samaki, na bahari imewazunguka. Ni dhana ya kijana yule wa mabwawani, isipokuwa sasa ilikuwa vichwani mwa watu wazima na wataalamu. Mwaka 2006 Vincent Assey wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake walichapisha utafiti wa Unguja na Pemba. Walipowapima watoto wa shule, uvimbe wa tezi ulikuwa kwa mtoto mmoja katika kila watano Unguja, na kwa Pemba karibu mmoja katika kila watatu. Kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto Unguja zilikuwa zaidi ya sita katika kumi. Pemba, kaya moja katika mia.

Fikiria mahali ambapo bahari inaonekana kutoka karibu kila kilima, na tezi za watoto zimevimba kwa kukosa kitu kinachosemekana kimejaa baharini. Dalili zilikuwa shingoni. Zilipuuzwa kwa sababu neno "bahari" lilionekana kuwa jibu tosha. Kwa Tanzania Bara, ambako watu walipima na kufuatilia, uvimbe wa tezi kwa watoto wa shule ulishuka kutoka robo yao katika miaka ya 1980 hadi asilimia 7 hivi mwaka 2004. Kilichotofautisha pande hizi mbili ni kwamba upande mmoja uliulizwa swali na mwingine ukasamehewa kuulizwa.

Majina ya ioni yameua kwingine. Wanafunzi wetu wanaijua bariamu salfeti: ni yale mashapo meupe yanayotoka ukitafuta salfeti kwenye chumvi usiyoijua. Madaktari huwanywesha wagonjwa hiyohiyo kabla ya picha ya eksirei ya tumbo, na haiwadhuru kwa sababu haiyeyuki. Brazil, mwaka 2003, dawa ya namna hiyo ilikutwa na bariamu kaboneti ndani yake. Kaboneti huyeyuka kwenye asidi ya tumboni, na bariamu iliyoyeyuka ni sumu. Watu kadhaa walikufa. Na hata pasipo jina la ioni, kipimo peke yake huponza: Uingereza, mwaka 2015, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Northumbria walijitolea kwenye jaribio la kafeini. Walitakiwa kupewa gramu 0.3 kila mmoja, wakapewa gramu 30. Hesabu ilipigwa kwa kikokotoo cha simu, nukta ikakaa pasipo pake. Walilazwa mahututi, wakapona, na chuo kikatozwa faini ya pauni 400,000 mwaka 2017. Maabara za chuo kile hazikukosa mizani wala wasomi. Ninachojiuliza ni kama hapakuwa na mtu aliyeinyanyua gramu 30, ambazo ni vijiko kadhaa, akaona kwamba ni nyingi kwa mtu kunywa.

Hata shambani kosa hili la nazi na makumbi hupita kila msimu. Mkulima wa mpunga bonde la Ruvu akiambiwa ekari inataka kilo 23 za naitrojeni, asinunue kilo 23 za urea. Urea ni asilimia 46 tu naitrojeni, anahitaji mfuko mzima wa kilo 50. Na mrututu, ule wa buluu unaotumika kuua ukungu, umebeba maji ndani ya chembe zake, molekuli tano kwa kila shaba moja, hivi kwamba shaba yenyewe ni robo tu ya uzito. Ukiukausha ukawa mweupe umebadilika hesabu, ingawa dukani utaendelea kuitwa mrututu.

Tusome kibandiko, jamani, hadi herufi za mwisho za jina. Na tone likitoka hafifu, tuanze kwa kuitilia shaka karatasi yetu wenyewe.

Miaka imepita, nimestaafu. Hivi karibuni nilipita kule mabwawani kununua chumvi ya kukaushia samaki. Mzee alishafariki, bibi naye. Ghala limepigwa chokaa upya lakini sehemu moja ya ukuta imerukwa kwa makusudi, na hapo 84 yangu ingali inasomeka, imekolezwa kwa rangi nyekundu. Kijana mwingine, mpya kwangu, alikuwa anapima unga kwa mizani nzuri ya betri. Alipima kwa utulivu: 84, kamili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa nini themanini na nne?"

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Ndivyo tulivyoikuta."

Nikaliangalia kopo rafuni. Halikuwa kama la zamani. Lilikuwa la buluu, la kampuni nyingine, na kibandiko kimegeukia ukutani. Nikamwomba aligeuze. Kisha nikamwomba kipande cha mkaa.